Kura ni za wamama, kiti ni cha mwingine

Bwana Mhariri,

Kila tunapouliza kwa nini wamama ni wachache katika Bunge la jimbo la Haut-Katanga, hapa Kongo (DRC), jibu ni lile lile katika komuni za Lubumbashi, kutoka Katuba hadi Ruashi: wanawake hawapigiani kura. Gazeti lenu nalo limeyarudia maneno hayo. Anayeshika kalamu na kupiga hesabu ataona kwamba wamama wanapigiwa kura, ila kura zao zinambeba mtu mwingine.

Uchaguzi wa wabunge wa jimbo, kama ule wa tarehe 20 Desemba 2023, hufanyika kwa listi za vyama. Mbele ya mashine ya kupigia kura mpiga kura anagusa sura moja tu, lakini kura hiyo inaingia kwanza katika jumla ya listi nzima. Tuseme eneo lina viti 6 na kura halali 120,000. Kiti kimoja kinadai kura 20,000. Chama fulani kimeweka wanaume watatu na wanawake watatu. Kigogo anapata 9,000, wenzake wawili 2,000 kila mmoja, wamama wanapata 4,000, 4,000 na 3,000. Jumla ni 24,000: kiti kimoja, nacho ni cha kigogo, kwa kuwa ndiye mwenye kura nyingi kwenye listi. Ondoa zile 11,000 za wamama, listi inabaki na 13,000 na kigogo anaanza kuombea masalio, yaani viti vinavyobaki baada ya mgawo wa kwanza.

Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa Juni 2022 inasema listi yenye wanawake angalau asilimia 50 hailipi dhamana ya kugombea kwa CENI, tume ya uchaguzi. Nia ilikuwa njema. Lakini chama kinaweza kukusanya majina ya kike dakika za mwisho, kikaokoa pesa ya dhamana, kisha kikamwacha mama bila bango na bila shahidi hata mmoja wa kulinda kura zake vituoni. Asiye na shahidi hana nakala ya PV, ile karatasi rasmi ya matokeo ya kituo, na asiye na PV atafika kortini na malalamiko tu.

Kwa hiyo mama atakayeombwa jina kwa uchaguzi ujao aulize mambo matatu kabla ya kutia sahihi: eneo lina viti vingapi, nani wengine wamo kwenye listi, na nani atalipa mashahidi. Katika listi isiyo na kigogo, kura 4,000 zinaweza kumweka wa kwanza. Palipo na kiti kimoja tu hesabu hizi hazipo. Mwenye kura nyingi anapita. Akiambiwa awe sipleani, yaani mbadala wa mgombea, ajue kwamba tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2011, mbunge anayeteuliwa kuwa waziri hurudia kiti chake akitoka serikalini. Sipleani anakalia kiti cha kuazima.

Wengine watatuonyesha jirani zetu wa jimbo la Lualaba, ambako Mama Fifi Masuka alichaguliwa gavana mwaka 2024. Tunampongeza, ila gavana huchaguliwa na wabunge wa jimbo wenyewe, si kwa listi hizi. Njia yake haimfundishi mengi mama wa soko la komuni ya Kenya, hapa Lubumbashi, anayeanza na bango lake la kwanza.

Akishaingia Bungeni, asikubali kusukumwa moja kwa moja kwenye tume ya familia na jinsia kana kwamba kazi nyingine zina wenyewe. Aombe uchumi na fedha. Kwa Sheria ya Madini (Code minier) ya 2018, jimbo linapata asilimia 25 ya mrabaha na miji, komuni na sekta zinazohusika asilimia 15. Pesa hiyo ndiyo barabara na maternite za kuzalishia wamama, na kikao cha Septemba ndicho cha bajeti. Swali la mdomo kwa waziri linaleta mjadala tu, halina kura. Mwenye hoja nzito aende hadi mosheni ya kutokuwa na imani, ambayo kwa waziri mmoja inahitaji sahihi za moja ya kumi ya wabunge. Bunge letu lina viti 48, maana yake sahihi 5: yeye na wenzake wanne. Kupitisha ni kazi nyingine, kunataka zaidi ya nusu ya wabunge wote, lakini hata kabla ya kura waziri atakuwa amekwisha kuja kujieleza.

Ombi letu kwenu, Bwana Mhariri: matokeo yajayo yakitoka, msitosheke na majina ya washindi. Chapeni kura za kila mgombea pembeni ya jumla ya listi yake, eneo kwa eneo.

Wasomaji wenu wanaofuatilia shughuli za Bunge la jimbo,
Lubumbashi