Shoga, watafiti wamerudi mtaani

Shoga yangu,

Mambo vipi huko Dar? Huku Ngamiani tupo, joto tu ndo linatumaliza. Nakuandikia maana wewe unasoma mipango miji na hili lenu kabisa.

Watafiti wamekuja tena. Si unajua tulivyowazoea, waja leo waondoka leo, enzi zile wanapita usiku kuchukua damu ya matende kwa sababu vile vijidudu mchana vinajificha, watu wakajifungia ndani wakisema mumiani hao, na majibu mtaani hatukuyasikia. Ila hawa wa safari hii wamekaa na sisi ofisi ya mtaa, wakatandaza likaratasi likubwa, wakasema haya choreni mtaa wenu wenyewe.

Dodoso lao lilikuwa la malaria tu, kina mama wakakataa katakata, wakasema mbu wanaotusumbua hapa ni wa chooni! Na kweli bwana, yule mbu aitwaye kuleksi anayezaliana kwenye vyoo vya shimo na makaro ndo anaeneza matende na mabusha huku mjini, sasa chandarua tunalalia sawa lakini karo limepasuka tangu masika utalifunika na chandarua? Basi dodoso likaandikwa upya.

Mzee mmoja fundi akakumbusha habari ya Makunduchi kule Unguja, mwishoni mwa miaka ya 80, walimwaga kwenye vyoo vile vipunje vyeupe vyepesi vya plastiki, vikaelea juu ya maji, mbu akakosa pa kutagia na viluwiluwi vikakosa hewa, na watu wakapewa dawa za matende za kumeza, mbu wakapungua sana. Mi nimeipenda ila naona kwetu peke yake haitoshi, shimo likifurika mvua vipunje vyote vinasombwa. Lazima tuanze na mtaro.

Na hapo kwenye mtaro ndo kasheshe. Kwenye ramani umechorwa vizuri unashuka mpaka unaingia chini ya frem za maduka, unapotelea hapo. Mwenye frem kila mtu anamjua, hakuna aliyemtaja, mwenyekiti akakohoa tu!

Sasa nitumie basi mchoro wa mtaro wa bei nafuu, wenye mifuniko inayofunguka watu wazibue wenyewe, kabla ya Jumamosi maana tunakutana tena, na wameahidi matokeo watayasoma hapahapa mbele yetu. Mama anakusalimu, anauliza lini unakuja.

Wako,
Shoga yako wa Tanga