Tanga halikunjwi ziwa likiganda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumze na Waswahili wenzangu tunaoishi kandokando ya maziwa ya kaskazini mwa Marekani, na pia na jamaa zetu walioko Tanga, Lamu, Unguja na Mwanza, ambao kila tukipigiana simu mwezi wa Januari hutupa pole kwa baridi kana kwamba tumefikwa na msiba. Pole hizo zinatoka moyoni na tunazipokea. Lakini kwa kurudiwarudiwa zimetufanya tuamini kwamba kuanzia Novemba hadi Aprili mtu hana la kufanya ila kufunga madirisha na kusubiri. Mimi naishi Madison, katika jimbo la Wisconsin, na nataka kuwaeleza wasomaji wako kwamba hapa chombo cha tanga kinakwenda mwaka mzima: miezi ya joto kinakwenda juu ya maji, na miezi ya baridi juu ya barafu.

Wenyeji wa asili wa eneo hili, Wahochunk, wanaliita Teejop, yaani maziwa manne, na kweli mji umekaa kati ya maziwa yaliyounganishwa na mto mmoja, Yahara. Kubwa kuliko yote ni Mendota, lenye ukubwa wa takriban kilomita 40 za mraba na kina kinachofika mita 25. Kwenye ukingo wake wa kusini kipo Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambacho kinafundisha Kiswahili, na hapo hapo ufukweni ipo klabu ya mashua ya Hoofer, ambayo haiwapokei wanafunzi peke yao bali pia watu wa kawaida wanaolipa ada ya uanachama. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunadhani kwamba mashua za tanga ni mchezo wa matajiri wenye nyumba za ufukweni. Mimi sina nyumba ya ufukweni wala sijawahi kuwa na mashua yangu ya majini. Nilijiandikisha, nikapimwa kama najua kuogelea, nikakabidhiwa usukani.

Nilizaliwa Tanga, na mjomba wangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Kwake ndiko nilikojifunza kutweka tanga, kukaza demani, yaani kamba inayolivuta tanga, na kupiga bisho upepo unapokuja uso kwa uso. Nilipofika Mendota nilidhani nimeshamaliza kujifunza, kumbe upepo wa ziwa ni somo jingine. Sisi tuliolelewa na kusi na kaskazi tumezoea upepo unaokaa mahali pamoja kwa miezi, upepo ambao nahodha huutegemea kama anavyotegemea jua kuchomoza. Upepo wa ziwa lililozungukwa na nchi kavu pande zote hushuka kutoka juu ya miti na majengo vipande vipande, ukageuka ghafla, ukafa, kisha ukarudi kutoka upande mwingine. Ilinichukua kiangazi kizima kujifunza kuyasoma maji: doa jeusi lenye mikunjo midogo linalokujia kutoka mbali ni upepo, na una sekunde chache tu za kuegemea nje ya ubavu au kulegeza kamba kabla halijakufikia. Mabaharia wakongwe wa hapa hawatazami tanga kwa muda mrefu. Macho yao yako majini siku zote, na ndivyo alivyokuwa mjomba.

Msimu wa maji huanza Mei na kuisha Oktoba. Ifikapo Novemba mashua zinatolewa, ziwa linabaki tupu, na hapo ndipo watu wetu wengi wanapoamini kwamba mambo yamekwisha. Maji yana tabia moja ambayo maziwa ya kaskazini yanaishi kwayo: hayawi mazito zaidi kadiri yanavyopoa mpaka mwisho, bali hufikia uzito wake mkubwa kwenye nyuzijoto 4. Maji ya kiwango hicho huzama chini, na yale yanayopoa zaidi hubaki juu na kuganda. Kwa hiyo samaki huendelea kuishi chini, na juu linatandikwa sakafu. Ziwa dogo la jirani, Monona, kwa kawaida hutangulia, na Mendota hufuata mara nyingi katika nusu ya pili ya Desemba, usiku mmoja mtulivu wa baridi kali. Barafu njema ni nyeusi. Naiita nyeusi kwa sababu inaangaza kama kioo na chini yake unaona giza la maji. Siku ya kwanza niliyotembea juu yake niliona jani la mti limesimama ndani ya barafu, likiwa na mishipa yake yote, na mviringo mdogo wa hewa umelala chini yake, nami nikasita kuinua mguu.

Chombo kinachokwenda juu ya sakafu hiyo, msomaji wa pwani atakielewa haraka kuliko msomaji mwingine yeyote. Aichukue ngalawa, aondoe ndubi zake mbili, vile vielea vya ubavuni, na badala ya mirengu, ile miti inayovishika, aweke ubao mmoja mrefu uliokatiza chini ya mwili wa chombo. Kila ncha ya ubao huo afunge kipande cha chuma kilichonolewa, ambacho mimi nakiita kisu, na mbele ya chombo afunge cha tatu kinachogeuzwa kwa usukani. Hiyo ndiyo ngalawa ya barafu. Inayopendwa zaidi duniani inaitwa DN, kwa sababu ilibuniwa mwaka 1937 katika karakana ya gazeti la Detroit News, kwa makusudi ya kuwa chombo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukiunda nyumbani kwake. Urefu wake ni futi 12, tanga lake lina futi za mraba 60, na anapanda mtu mmoja, amelala chali miguu mbele. Nafurahi kukuandikia wewe, Mhariri, nikijua kwamba ni gazeti lililotupatia chombo hiki.

Mwendo wake ndio unaowashangaza watu. Mtu anayeendesha baiskeli siku isiyo na upepo huhisi upepo usoni, na upepo huo ameuzaa mwenyewe kwa mwendo wake. Chombo cha tanga nacho huzaa upepo wake, lakini majini hakifiki mbali, kwa kuwa maji hukishika na kukirudisha nyuma. Juu ya barafu hakuna cha kukishika, ila makali matatu ya chuma. Kadiri kinavyokwenda ndivyo upepo wake unavyoongezeka, na upepo huo ukiongezeka kinakwenda zaidi, mpaka kinafika mara tatu au nne ya kasi ya upepo wenyewe. DN katika upepo wa wastani hupita kilomita 90 kwa saa. Kwa sababu hiyo upepo unaoupata rubani unatoka mbele karibu wakati wote, hata anapokwenda na upepo mgongoni, naye hukaza demani mwanzo hadi mwisho. Breki ya kutegemea akiwa mbioni hana. Anaposimama hugeuza chombo kuelekea upepo unakotoka, tanga likapigapiga, mwendo ukaisha. Mimi niliyefundishwa kulegeza kamba upepo unapogeukia nyuma, ilinibidi niuzuie mkono wangu kwa nguvu mwezi mzima.

Mfano bora wa baharia wa mwaka mzima ni Buddy Melges, aliyezaliwa mwaka 1930 na kufariki mwaka 2023, na aliyekulia kando ya ziwa liitwalo Geneva, humu humu Wisconsin, mbali kabisa na bahari yoyote. Alishinda medali ya shaba katika Olimpiki ya mwaka 1964 na ya dhahabu mwaka 1972, na mwaka 1992 alishika usukani, kwa zamu na mwenzake, katika chombo kilichotwaa Kombe la Amerika, shindano kuu la mashua duniani. Majira ya baridi alikuwa juu ya barafu, na huko nako alikuwa bingwa mara nyingi. Siamini kwamba hayo mawili yalikuwa mambo tofauti kwake. Anayezoea kufanya uamuzi kwa kasi ya barafu hupata nafasi ya kufikiri anaporudi majini, kwa kuwa kila kitu huja polepole zaidi.

Sitaki mtu yeyote asome barua hii kisha akakimbilia ziwani. Barafu inaua. Inayotajwa sana kuwa inafaa kwa mtu anayetembea ni barafu safi yenye unene wa sentimita 10, na sisi wa matanga tunataka zaidi ya hapo, lakini hata unene huo haulingani ziwa zima. Karibu na mdomo wa mto, penye chemchemi, na kwenye ufa mkubwa unaokatiza Mendota karibu kila mwaka, barafu inaweza kuwa nyembamba wakati hatua 20 pembeni inabeba gari. Tunatoboa kwa kekee na kupima kwa rula kabla ya kutweka. Kila mmoja anavaa kofia ngumu, viatu vyenye meno, na shingoni vipini viwili vyenye misumari ambavyo mtu aliyetumbukia huvichoma kwenye barafu ili ajivute atoke. Na hatuendi peke yetu. Msimu wangu wa pili nilikiuka hilo la mwisho asubuhi moja ya Machi, kwa kuwa nilikuwa na haraka na jua lilikuwa zuri. Kisu cha kushoto kilizama kwenye barafu iliyooza, chombo kikazunguka, nami nikabaki nimelala tumboni nikisikia maji yanapanda kupitia kifuani. Nilitambaa kama mita 30 hadi penye barafu imara. Tangu siku hiyo, wenzangu wakisema leo hatutweki, sibishani nao.

Lipo jambo linaloniuma kuliko baridi yoyote, nalo ni kwamba barafu yenyewe inapungua. Tarehe za kuganda na kufunguka kwa Mendota zimeandikwa tangu miaka ya 1850, na daftari hilo ni mojawapo ya kumbukumbu ndefu za aina hiyo duniani. Linaonyesha kwamba muda wa barafu umepungua kwa takriban mwezi mzima. Katika majira ya baridi ya 1880 hadi 1881 ziwa lilifunikwa kwa siku 161. Katika yale ya 2001 hadi 2002 lilifunikwa kwa siku 21 tu. Tena siku za kuganda si zote za kwenda kwa tanga, kwa sababu theluji nzito ikianguka visu vinakwama, na hapo inabidi kungoja mvua au joto liiyeyushe kisha usiku uigandishe upya. Mwaka mwingine tunapata wiki nne nzuri, mwaka mwingine siku nne. Ndiyo maana jumuiya ya mabaharia wa barafu inaishi kwa simu: mmoja akipata barafu njema Monona, au Kegonsa, au ziwa lililo mbali kwa saa tatu za gari, anawaambia wote, na watu wanafunga milingoti juu ya magari kabla ya alfajiri. Nimekaribishwa chai ya chupa na watu ambao siwajui hata kwa jina, tumesimama katikati ya ziwa, kwa sababu tu niliacha chombo changu nikamsaidia mmoja wao kubadilisha kisu.

Kwa hiyo, Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwako: ukurasa wako wa michezo unaandika mpira na riadha, nami nausoma wote, lakini mashindano ya mashua Lamu na ya ngalawa Unguja yanapata picha moja kwa mwaka, na matanga ya maziwa hayapati hata hiyo. Watu wa pwani wana maneno ya kila kamba na kila upande wa upepo, na mchezo huu unaweza kutangazwa kwa Kiswahili tangu kuanza hadi kumalizika bila kukwama. Ninayokosa ni machache, hasa jina la vile vyuma vitatu, ambavyo mimi naviita visu. Mabaharia walio wasomaji wako wakiwa na jina bora zaidi, nitashukuru kulisoma hapa.

La pili ni kwa wazazi wenzangu walioko Madison, Milwaukee na Minneapolis, Wakenya, Wakongo na Watanzania, ambao watoto wao wanalitazama ziwa kupitia dirisha la basi la shule. Watoto hao ni wajukuu wa watu waliovuka bahari kwa tanga. Wapelekeni wajifunze kuogelea sasa, wakati wa baridi, katika mabwawa ya ndani, ili Mei inapofika wawe tayari kupanda mashua. Na Jumamosi yoyote barafu inaporuhusu, njooni ukingoni mwa Monona muone. Mimi nitakuwapo, binti yangu wa miaka 11 ndiye anayenishikia tupa siku hizi ninaponoa visu, na amekwishaniuliza mara tatu wiki hii barafu imefika sentimita ngapi.

Wako mtiifu,
Msomaji wako, mzaliwa wa Tanga,
Madison, Wisconsin, Marekani