Salamu za Shukrani kwa Waliomuuguza Mama Yetu

Familia ya marehemu mama yetu mpendwa, aliyetangulia mbele ya haki baada ya miaka mitatu ya kusafishwa damu nyumbani kwa njia ya tumbo, inamshukuru Mwenyezi Mungu, na inawashukuru wote waliokuwa nasi tangu kuugua kwake hadi mazishi.

Tunaanza na nesi wa kitengo cha figo, kwani kazi yake ilifanyika chumbani na waombolezaji wengi hawakuiona. Hakuturuhusu kugusa mfuko wa maji ya dawa, yale yanayoingizwa tumboni kwa mrija ili kusafisha damu, mpaka tumenawa na kukausha mikono mbele yake. Dirisha lifungwe, feni izimwe, barakoa kwa mgonjwa na kwa anayebadilisha maji. Mfuko wa lita 2 upashwe kwenye pedi kavu ya joto, usitumbukizwe kwenye maji moto, kwa sababu unyevu hubeba vijidudu hadi kwenye maungio ya mfuko na mrija. Maji ya zamani yaliyo tumboni yatoke kwanza, kama dakika 20. Kisha mrija wa mgonjwa ubanwe, maji mapya yapite kuelekea mfuko wa chini, ule unaopokea maji ya zamani, huku ukihesabu hadi tano ili hewa itoke, ndipo yaachiwe tumboni. Mara 4 kwa siku, kila mara kizibo kipya cha mrija chenye iodini ya kuua vijidudu. Kizibo kikidondoka, hata juu ya shuka safi, ni cha kutupa. Kwa hilo hakuwa na mzaha, na tunamshukuru kwa ukali wake.

Usiku ambao hatutausahau ni ule maji yalipotoka yakiwa na ukungu. Nesi alikuwa ametufundisha kuweka karatasi yenye maandishi chini ya mfuko: kama hayasomeki kupitia maji, piga simu saa hiyohiyo, usingoje asubuhi. Mama alikuwa amejikunja, tumbo gumu, hataki kuguswa. Muuguzi wa zamu aliyepokea simu alisema maneno machache tu: msiutupe mfuko, njooni nao. Sampuli ilichukuliwa kabla ya antibayotiki kutiwa ndani ya mfuko mpya. Tulikaa tukiutazama mrija bila kusema kitu. Siku ya tatu maandishi yakaanza kusomeka, na dawa ikaendelea kwa wiki 2. Alhamdulillah.

Safari nyingine ziliingia lita 2, ikatoka moja na robo. Sisi tulishaanza kuwaza upasuaji. Nesi akauliza, "Mama amepata choo lini?" Kumbe utumbo uliojaa hukandamiza mrija na kuusogeza. Dawa ya kulainisha choo ikamaliza habari hiyo.

Mama mdogo, shukrani zako hazina kipimo. Mabadilisho ya usiku yote yalikuwa mikononi mwako, na kidonda cha mrija ulikisafisha kila siku, ukabandika mrija usivutwe na nguo. Shemeji yetu wa daftari naye: maji yaliyoingia, yaliyotoka, presha, uzito wa kila asubuhi tumbo likiwa tupu. Kilo moja iliyoongezeka ghafla ni lita moja ya maji mwilini, si unene. Daftari hilo ndilo lililomwezesha daktari kujua lini atumie mfuko wenye sukari kali, ambao huvuta maji zaidi lakini pia hupandisha sukari ya damu.

Pia madaktari, wauguzi wa wodi, wataalamu wa maabara, dereva aliyebeba maboksi ya maji hadi mlangoni, majirani, viongozi wa dini, wafanyakazi wenzake, waliochanga, waliopika, waliochimba kaburi, waliosafiri, waliopiga simu na walioomba dua.

Haiwezekani kumtaja kila mmoja, na tunaomba radhi sana. Radhi ya pekee ni kwa yule muuguzi wa zamu ya usiku: sauti yake tuliijua, jina lake hatukuuliza. Ukisoma haya, ni wewe.

Maboksi ya maji ambayo hayajafunguliwa tumemwonyesha nesi aamue yeye. Mizani, mashine ya presha, pedi ya joto na stendi ya mifuko vipo. Familia yenye mgonjwa anayeanza imwambie nesi, tutavileta.

Mwenyezi Mungu awalipe kheri, na ailaze roho ya mama yetu mahali pema peponi. Amin.