Kwa walimu wapya: mwanafunzi mwenye uoni hafifu

Ndugu walimu wapya, habari za kazi.

Kabla ya kikao chetu, naomba tuelewane kwamba elimu maalumu haiishii katika vitengo na shule maalumu, kwa kuwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma pamoja na wenzake, na kwa hiyo atakuwa darasani kwako.

Mfikirie mwanafunzi mwenye ualbino. Wengi huwaza kofia na mafuta ya ngozi, mambo ya lazima kweli, ila wanasahau kwamba karibu wote wana uoni hafifu, hata mtoto akaitwa mzito wa kuelewa ilhali tatizo ni kwamba haoni ubaoni. Mketishe mbele, mbali na mwanga mkali wa dirisha, soma kwa sauti kila unachoandika, na umruhusu asogelee ubao bila kuomba. Baraza la Mitihani hutoa karatasi za maandishi yaliyokuzwa, hivyo mwalimu mkuu aarifiwe mapema, wakati wa usajili.

Wenye wanafunzi viziwi, tafadhali niandikieni kabla ya kikao.