Anayewashwa Mwili Asipime ALT Peke Yake

Kila mara hapa maabara kuna mteja anayetuambia tunamchuna. Amelipia “kipimo cha ini”, majibu yametoka, halafu daktari wake anataka kipimo kingine cha damu kiitwacho AMA, chenye bei kuliko vyote alivyolipia mwanzo.

Wanaobana hela huomba ALT na AST tu. Vipimo hivyo huonyesha seli za ini zinapoumia. Lakini PBC, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vijifereji vya nyongo ndani ya ini na ambao huweza kuleta muwasho, huonekana zaidi kwenye ALP na GGT, vimeng'enya vinavyopanda njia ya nyongo ikipata shida, na ALT inaweza kuwa karibu na kawaida. Tulimpokea mama mmoja aliyekuwa akiwashwa viganja na nyayo usiku kucha. Alishameza dawa za minyoo na za mzio, akabadilisha sabuni, na mkobani ana karatasi za ALT zisizo na neno. Tulipompima ALP, ilikuwa juu sana. Hela aliyoiacha maduka ya dawa ingelipia vipimo vyote.

ALP nayo isisomwe peke yake, maana hutoka pia kwenye mifupa na kondo la nyuma. Kijana anayerefuka huwa nayo juu huku ini lake halina shida. GGT ndiyo hutenganisha ini na mifupa, wala si mbinu ya kukuza bili.

Wengine husema, “Si mtumie damu ile ile ya picha ya damu?” Hapo hatukubali. Chupa ya kifuniko cha zambarau ina EDTA, ambayo hukamata zinki na magnesi ambazo ALP haifanyi kazi bila hizo. Jibu litatoka chini, na la uongo. Tunatoa damu upya, chupa nyekundu.

AMA ni kingamwili dhidi ya mitokondria. Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa PBC wanayo. ALP iliyokaa juu kwa muda mrefu pamoja na AMA ya 1:40 (yaani bado inaonekana damu ikizimuliwa mara 40) au zaidi, mara nyingi humtosha daktari bila kuchukua kinyama cha ini. Kila tunapopima, tunaweka pia sampuli mbili za kuhakiki kipimo, moja yenye AMA na moja isiyo nayo. Mteja awe mmoja au kumi, gharama hiyo ipo, ndiyo maana tunakusanya damu za wateja hadi siku ya kupima AMA.

Na ukishathibitishwa kuwa na PBC na kuanza UDCA, dawa yake, usirudi kupima AMA kuona kama dawa inafanya kazi. Kupanda au kushuka kwake hakusemi hilo. ALP na bilirubini ndizo husema. Dada mmoja alishalipia AMA ya pili. Tulimrudishia hela yake, tukampima hizo mbili.