Sahani Nzito za Kahawia: Barua kwa Mwanangu wa Ngara

South C, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Uliponiambia kwa simu kwamba umepata nyumba Ngara, na kwamba hutaki nikununulie chombo kipya hata kimoja ila unaomba zile sahani nzito za kahawia ulizolia chakula tangu utotoni, nilinyamaza kidogo kwa sababu furaha ilinikaba. Nimekwisha kuzipanga katika makasha mawili. Lakini sipendi uzipokee kama mzigo tu. Nataka uzijue: zimetengenezwaje, zinastahimili nini na haziwezi nini, na kwa nini bakuli moja unalolijua vizuri hutalikuta ndani ya makasha hayo.

Mimi nilikulia katika nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, ambamo sahani nzuri zilikaa ukutani. Nyanya yako alikuwa nazo nane, za buluu na nyeupe, zimepangwa ndani ya vidaka, na sikuona hata siku moja wali ukipakuliwa juu yake. Hakulianzisha yeye jambo hilo. Watu wa pwani walipachika mabakuli ya Kichina hata kwenye nguzo za makaburi, na ukifika Mambrui utajionea. Mimi, hata hivyo, macho yangu yalikuwa kwenye kona ya jikoni, palipokuwa na mtungi mmoja wa udongo mgumu, mweusi kidogo, mzito kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuuhamisha. Mitungi ya jinsi ile ililetwa na majahazi kutoka Asia ikiwa imejaa bidhaa, kisha watu wakaibakiza kwa kazi za nyumbani. Sahani za ukutani zilifutwa vumbi kabla ya Idi. Mtungi ulitumika kila siku, na ndio ulionifundisha kupenda chombo kinachofanya kazi.

Udongo wa vyungu vinavyouzwa kando ya barabara huchomwa kwa moto wa wastani, nao hubaki na vitundu vidogo vinavyonywa maji. Ndiyo maana mtungi wa aina hiyo hutoa jasho na kupoza maji ya kunywa. Udongo wa sahani hizi huchomwa ndani ya tanuri lenye joto la kati ya nyuzi 1,200 na 1,300 za Selsiasi, na kwa joto hilo chembe zake huyeyuka kiasi na kushikana, mpaka kitu kizima kinakuwa kama jiwe; huo ndio ninaouita udongo mgumu. Tazama lile jagi la kijivu lenye ngozi kama ganda la chungwa: halikupakwa chochote kwa mkono. Mafundi walitupa chumvi ndani ya tanuri lilipofikia joto kali, mvuke wake ukaushika udongo, na papo hapo ukawa utando wa kioo. Sahani za kahawia zenyewe ni za kiwanda cha Denby, Derbyshire, Uingereza, kilichoanza mwaka 1809 kwa kufinyanga chupa na mitungi kabla ya kugeukia vyombo vya mezani.

Usidhani huu ni ufundi wa Wazungu. Wachina walikuwa wakichoma udongo kwa moto mkali zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Na hapa barani, katika kituo cha mafunzo ya ufinyanzi cha Abuja, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja), mfinyanzi Ladi Kwali alichukua maumbo ya mitungi ya kwao, ile aliyojifunza kufinyanga kwa mkono akiwa msichana, akaichoma kwa moto huo huo mkali; sura yake imo katika noti ya naira 20. Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Abuja kujifunza katika miaka ya 1970 kabla hajajulikana ulimwenguni. Nakutajia hawa kwa sababu ningependa siku moja meza yako iwe na kazi ya mfinyanzi wa kwetu kando ya hizi za mitumba.

Nyingi nilizipata Gikomba, moja moja, na nyingine kwa wageni waliokuwa wakihama na kuuza vitu vyao vya nyumbani huko Gigiri na Lavington. Sijawahi kununua seti nzima, na nakushauri usiitafute. Anayetafuta seti hununua hata chenye ufa ili hesabu itimie, na sahani moja ikivunjika huona zote zimeharibika. Meza yangu ina kahawia, kijani cha majani makavu na buluu ya usiku, na hukubaliana kwa sababu zote zina uzito mmoja na mng'ao uliotulia.

Unapokiokota chombo sokoni, usikitazame uso kwanza. Kigeuze. Kitako cha udongo mgumu, pale ambapo hapakupakwa kitu, huwa kimebana na ni kigumu. Ukikidondoshea tone la maji, tone hukaa. Kama limenywewa, huo ni udongo mwepesi, hata kama muuzaji ataapa. Kisha kiweke juu ya ncha za vidole vya mkono mmoja na ukigonge kwa kifundo cha kidole: kizima hulia kama kengele ndogo, chenye ufa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa. Soma na muhuri. Mwaka 1890 Marekani ilipitisha sheria ya ushuru iliyotaka bidhaa za nje ziandikwe jina la nchi zilikotoka, kwa hiyo jina la nchi peke yake halithibitishi ukongwe. Na ukikuta maneno ya kuruhusu tanuri la maikrowevu, jua kwamba unashika kitu cha miongo ya karibuni, hata kikiwa kimechakaa namna gani. Mwisho pitisha kidole ukingoni pote, polepole, kwa sababu jicho hupitwa na pengo dogo ambalo mdomo wa mgeni hautalikosa.

Sasa nikueleze habari ya bakuli la manjano. Unalikumbuka, ndilo nililokuwa nikitilia achari ya ndimu, na wewe ulikuwa ukichovya kidole humo kabla ya futari. Lilikuwa zuri kupita vyote nilivyokuwa navyo. Ulipokuwa na miaka sita, mfinyanzi mmoja alifuturu kwetu, akaligeuza, akaona kitako chekundu kinachonywa maji, akaona ndani mistari myembamba kama nyuzi za buibui, kisha akaniuliza kwa upole kama huwa naweka kitu kichachu humo. Alinieleza kwamba vyombo vingi vya zamani vilivyochomwa kwa moto mdogo vilipakwa utando wenye madini ya risasi, kwa kuwa risasi huufanya uyeyuke upesi na kung'aa, na kwamba ndimu, siki, embe bichi na nyanya huweza kuitoa risasi hiyo na kuiingiza katika chakula bila harufu wala ladha ya kumshtua mtu. Mwili wa mtoto hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa hakina madhara. Sikulala usiku ule. Asubuhi nilikupeleka ukapimwa damu, na siku nilizosubiri majibu zilikuwa ndefu kuliko mwezi wote wa Ramadhani. Majibu yalikuwa mema, alhamdulillahi.

Ndiyo maana bakuli hilo linabaki kwangu, mlangoni, likishika funguo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, walisema wazee, na mimi nimeona kwamba kikuukuu nacho kina unyemi wake unaomfumba mtu macho. Utando wa udongo mgumu kwa kawaida hauhitaji risasi, kwa sababu moto wake ni mkali wa kutosha kuyeyusha mawe ya kawaida. Lakini chombo chochote usichokijua, chenye rangi kali iliyopakwa juu ya utando, ambayo kidole huihisi imeinuka, kiwekee mikate au maganda ya mayai, usikitilie mchuzi.

Hizi za kahawia zitumie kila siku. Utaona faida yake mwezi Julai, wakati baridi ya Nairobi inapoingia mpaka mezani na ugali unapoa kabla hujamaliza kunawa mikono. Zisuuze kwa maji ya uvuguvugu, kisha ya moto, uzifute, ndipo upakue. Uzito wake utashika joto mpaka mwisho wa maongezi. Usiruke ile hatua ya uvuguvugu. Udongo huu hustahimili moto ila haustahimili kushtuliwa, na bakuli langu kubwa la kifuniko nililitoa kwenye friji likiwa na mbaazi za nazi nikaliweka juu ya jiko la gesi, likapasuka kwa mlio mmoja na mbaazi zote zikamwagika. Katika tanuri la kuokea ingiza chombo kabla hujawasha, kipate moto pamoja na tanuri lenyewe. Mikwaruzo ya kijivu utakayoiona ni alama za visu. Magadi kidogo na kitambaa chenye maji huiondoa.

Sahani nimezisimamisha kwa ubavu ndani ya kasha, kila moja na gazeti lake, kwa sababu zikilazwa zote uzito huishukia ya chini. Jagi nimelifunga kwa kanga zangu mbili za Lamu. Njoo Jumamosi na gari, si bodaboda, na kanga hizo nirudishie.

Mama yako