Sauti ya tamthilia ina mwenyewe, itajwe

Kwa Mhariri,

Kurasa za burudani za magazeti yetu zimejaa habari za waigizaji wa Kituruki: nani kaoa, nani kaachana na nani, gauni la harusi lilishonwa wapi. Sina ugomvi na hilo, watu wanapenda kusoma. Lakini mtazamaji wa Majengo au Kisauni hapa Mombasa anayeifuata tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili hajaisikia sauti ya mwigizaji huyo hata neno moja. Anayemliza ni Mswahili mwenzake aliyesimama ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mara nyingi jina lake halimo gazetini wala mwishoni mwa kipindi. Hiyo ni dhuluma, na ndiyo inayofanya kazi yenyewe ichezewe, kwa sababu mtu asiyetajwa hasifiwi akifanya vizuri wala haulizwi akiboronga.

Mombasa si wageni wa mambo haya. Waliokuwa wakienda sinema za Regal na Naaz walimjua Lata Mangeshkar, mwimbaji wa filamu za Kihindi, kwa jina ilhali midomo waliyoiona ikiimba ilikuwa ya mwigizaji mwingine. Juma Bhalo alivuma mji huu kwa taarab yenye mahadhi ya Kihindi. Na hata Lata hakutajwa bure. Filamu ya Mahal ilipotoka 1949, sahani ya santuri iliandikwa jina la Kamini, yaani la mhusika. Wasikilizaji wakaiuliza redio ni nani aliyeimba, ndipo jina lake likatangazwa. Tuzo za Filmfare, za filamu za Kihindi, nazo zilianza kuwatambua waimbaji wa nyuma ya pazia mwaka 1959, baada ya yeye kukataa kuimba jukwaani kwa kuwa tuzo ya kundi lake haikuwepo.

Au muulizeni Mtaliano yeyote wa Malindi aliyepita makamo habari za Ferruccio Amendola. Kwao ndiye aliyekuwa sauti ya Robert De Niro na ya Al Pacino pia. Waigizaji wawili hao wa Marekani walipokabiliana katika filamu ya Heat ya 1995, Amendola akabaki na De Niro, na Pacino akapewa Giancarlo Giannini.

Kwetu kazi hii si changa tena. TBC ya Tanzania ilirusha tamthilia ya Kichina, Doudou na Mama Wakwe Zake, kwa Kiswahili mwaka 2011, na tangu hapo zimefuata nyingi. Ubora ndio unaopanda na kushuka, na sababu zake zinajulikana.

Kwanza ni mfasiri. Hati ya Kituruki ikipitia Kiingereza kabla ya kufika kwetu, inapoteza ukoo. Kituruki kinatenganisha amca na dayı, kama sisi tunavyotenganisha ami na mjomba, lakini Kiingereza kina neno moja tu kwa wote wawili. Basi kila ndugu wa baba anageuka mjomba. Katika hadithi ya kugombea mirathi kosa hilo ni zito: mtazamaji wa Pwani anajua ami ni asaba, yaani mrithi wa upande wa baba, na mjomba si asaba, sasa anashangaa huyu mjomba anadai fungu gani. Dawa ni ndogo: mfasiri achore nasaba ya wahusika wote kabla ya kugusa sehemu ya kwanza.

Kisha midomo, na hapa ndipo penye ufundi. Herufi za kuchungwa ni m, b na p, kwa sababu hufunga midomo, na kamera ikiwa karibu kila mtu anaona. Chukua maneno ya Kituruki seni seviyorum, yaani nakupenda: silabi sita, na mwisho midomo inafunga kwa m. "Nakupenda" ina silabi nne, kwa hivyo sauti yetu inakwisha huku stelingi bado anachezesha mdomo. Asiyejua hulivuta neno, "nakupeeenda", likawa kama wimbo wa kubembelezea mtoto. Anayejua husema "nakupenda mno": silabi sita, na m inaanguka karibu vya kutosha na pale midomo inapofunga. Maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hivyo kulingana kabisa hakupatikani. Kinachotafutwa ni ukaribu. Mtu akionekana kisogo au kwa mbali, taabu hiyo yote haina haja, hapo iangaliwe maana na pumzi.

Kituruki pia huweka kitenzi mwisho, ndiyo maana ngumi hupigwa mezani sentensi inapoishia. Ukisema "sikuuzii nyumba hii", ngumi inaangukia "hii", na hasira yote imepotea. Pindua: "Nyumba hii, mimi, sikuuzii!" Neno na ngumi vinakutana.

Chumbani napo mambo ni mengi. Mdomo ukae kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye maikrofoni, na wa kupiga kelele arudi nyuma hatua moja, la sivyo sauti inapasuka. Bangili zivuliwe, na nguo yenye kuchakarisha isiingie. Pangaboi lizimwe. Kwa joto la Mombasa mtu hawezi kukaa humo muda mrefu bila sauti kuchoka, kwa hivyo mapumziko ni sehemu ya kazi. Matukio ya kilio na ukelele yarekodiwe mwisho wa siku, maana koo likishakauka halirudi kwenye mnong'ono. Sauti tano zikibeba wahusika ishirini, lazima iwepo jedwali la kila tukio ili mtu mmoja asijikute anabishana na nafsi yake. Na ukisikia mlango na nyayo zinapotea kila mtu akifungua kinywa, jueni studio haikupewa ukanda wa muziki na vishindo peke yake, usio na maneno. Imeshusha sauti ya asili yote na kuongea juu yake.

Yote hayo yanafanywa na watu, na watu hao wana majina. Mkataba wa Beijing wa 2012, ambao ni mkataba wa kimataifa wa haki za waigizaji ulioanza kutumika tarehe 28 Aprili 2020, unampa mwigizaji haki ya kutambulishwa kwa jina katika uigizaji wake uliorekodiwa. DJ Afro anajulikana nchi nzima kwa kusimulia filamu kwa sababu jina lake limo katika usimulizi wenyewe. Anayeigiza ndani ya mdomo wa mwingine hana nafasi ya kujitaja, kwa hivyo ni juu ya kituo kumtaja.

Ombi langu kwa vituo ni sekunde tano mwisho wa kila sehemu: majina ya sauti na ya mfasiri, kwa herufi zinazosomeka, yasikatwe na tangazo. Sauti ikibadilishwa katikati ya msimu, watazamaji waambiwe. Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba safari ijayo mtakapochapa picha ya mwigizaji wa Kituruki, mtafuteni Mswahili anayemsemea, mumhoji, na picha yake muiweke ubavuni kwa ukubwa ule ule.

Mtazamaji na msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa